Video ipo kwenye ukurasa wangu, mbona siwaoni wanaoitazama?

Swali limetoka Morogoro, kwa dada anayefundisha ufugaji wa kuku wa kienyeji mtandaoni:

"Kaka, tovuti yangu nimeitengeneza mwenyewe kwa WordPress. Masomo mengi yana video za YouTube, machache yana sauti za SoundCloud, na somo la chanjo ya mdondo lina video ya dakika 9 niliyoipakia moja kwa moja kwenye tovuti. Google Analytics inasema kwenye ukurasa huo watu wanakaa wastani wa sekunde 50. Sasa kuna muuza dawa za mifugo anataka kuweka tangazo, ameniuliza ni wangapi wanatazama video mpaka mwisho. Sikuwa na la kumjibu. Ina maana hawatazami? Au naangalia mahali pasipo?"

Dada, unaangalia mahali pasipo. Hizo sekunde 50 si muda wa kutazama video. Ni wastani wa kila aliyefungua ukurasa: yupo aliyeletwa na Google kimakosa akaondoka, yupo aliyesoma maelezo ya chini bila kugusa video, yupo aliyetazama dakika zote 9. Ukiwatia wote chungu kimoja unapata namba isiyomhusu hata mmoja wao. Halafu GA4, hii Analytics tuliyobaki nayo baada ya ile ya zamani kuacha kukusanya data Julai 1, 2023, inahesabu muda ambao ukurasa uko mbele ya macho tu. Kwenye masomo yako ya YouTube, mtu akigusa nembo ya YouTube iliyo kwenye video, simu inamhamishia kwenye programu ya YouTube. Anaweza kumaliza somo lote kulekule, na kwako akaonekana alikaa sekunde 10.

Kwa hiyo Analytics haikudanganyi, ila hujaiuliza habari za video. Na kwa video iliyopachikwa, kuna sababu ya msingi inayofanya isiweze kukujibu yenyewe.

Video ya YouTube kwenye ukurasa wako inakaa ndani ya aifremu, yaani ukurasa wa mtu mwingine uliowekwa ndani ya wako. Chukulia umejenga nyumba ya vyumba sita pale Kihonda, ukakipangisha kimoja. Nyumba ni yako, lakini ufunguo wa chumba kile anao mpangaji. Skripti ya Analytics, yaani msimbo mdogo unaofanya kazi ndani ya ukurasa, inazunguka korido na sebule yako yote: inajua nani ameingia, ameshuka mpaka wapi, amebonyeza kiungo gani. Ikifika kwenye mlango wa mpangaji inasimama. Mtu akibonyeza kitufe cha kucheza, kidole chake kimeangukia chumbani kwa YouTube, na kivinjari hakitakuambia. Wala usikilaumu kivinjari. Kama ingewezekana kuchungulia, tapeli angepachika ukurasa wa benki yako ndani ya tovuti yake na kusoma salio.

Mpangaji lakini anaweza kuongea kupitia dirishani, akitaka. Vivinjari vina njia rasmi ya ukurasa mmoja kumtumia mwenzake ujumbe, inaitwa postMessage, na YouTube, Vimeo na SoundCloud wote wanaitumia kutangaza kinachoendelea ndani: imeanza, imesimamishwa, imefika nusu, imeisha. Kazi yako ni mbili tu. Kumwambia mpangaji aongee, na kuweka mtu wa kusikiliza.

YouTube kwanza, maana ndiyo masomo yako mengi

GA4 ina msikilizaji wa YouTube tayari. Ingia Admin, fungua Data streams, chagua tovuti yako, kisha pale penye "Enhanced measurement" hakikisha "Video engagement" imewashwa. Ikiwaka, Analytics itaandika matukio matatu: video_start mtu anapoanza, video_progress anapovuka asilimia 10, 25, 50 na 75, na video_complete video inapoisha.

Sasa kuna mtego, na ninaweza kuweka dau kwamba ndio uliokunasa. YouTube haiongei na ukurasa wako mpaka anwani ya video iwe na maneno enablejsapi=1. WordPress, unapobandika kiungo cha YouTube kwenye makala nayo ikakigeuza kuwa video yenyewe, haiongezi maneno hayo. Fungua somo lako lolote kwenye kompyuta, bofya kulia, tazama chanzo cha ukurasa, tafuta neno "embed". Utakuta anwani inayoishia hivi:

?feature=oembed

Hapo mpangaji yuko kimya. Unataka iwe:

?feature=oembed&enablejsapi=1

Kuna njia mbili. Ya mkono ni kufuta kile kiungo, kuweka bloku ya HTML, na kubandika msimbo wa kupachika kutoka YouTube ukiwa umeongeza maneno hayo mwenyewe. Kwa masomo kumi hilo ni jambo la jioni moja. Kama yako mengi, tumia Google Tag Manager, chombo cha Google cha kuweka skripti za vipimo kwenye tovuti: kina kichochezi (trigger) cha "YouTube Video", na ndani yake kuna kisanduku cha kuongeza huo uwezo kwenye video zote za ukurasa. Kitie tiki, chagua asilimia unazotaka, basi. Ila ukipita njia ya Tag Manager, zima ile ya GA4. Ukiacha zote mbili kila mtazamaji atahesabiwa mara mbili, utashangilia wiki nzima halafu uje uone aibu.

Jambo jingine linalowakwamisha watu ni kwamba matukio yanaingia lakini asilimia hazionekani kwenye ripoti. Jina la video GA4 inalionyesha yenyewe, ila kigezo cha video_percent lazima ukiandikishe wewe kule Admin, chini ya "Custom definitions". Fanya leo, hata kabla hujamaliza mengine, kwa sababu GA4 hairudi nyuma: asilimia za kabla ya siku uliyoandikisha hutaziona. Kisha usikae unapapasa ripoti za kawaida, ambazo zinaweza kuchelewa siku moja hadi mbili. Washa hali ya majaribio ya Tag Manager, fungua DebugView ndani ya GA4, dirisha la kuona matukio yanapoingia, kisha bonyeza video kwenye kivinjari hichohicho ulichowashia majaribio. Ndani ya sekunde chache utaliona video_start linadondoka. Siku ya kwanza linafurahisha sana, sikufichi.

Na kwa kuwa video hizo ziko kwenye chaneli yako mwenyewe, YouTube Studio nayo inakuonyesha mchoro wa wapi watazamaji wanaachia njiani, na sehemu ya utazamaji inayotoka kwenye tovuti zilizopachika video. Mchoro ule ni mzuri kuliko chochote utakachojenga kwa mkono. Usichopata huko ni mtu huyo alifanya nini baada ya video kwenye ukurasa wako, kama alipakua ratiba ya chanjo au alibonyeza namba yako ya WhatsApp. Hicho kinapatikana Analytics peke yake, ndiyo maana unahitaji zote mbili.

Video ya chanjo, iliyo kwenye seva yako

Hii haina mpangaji, chumba ni chako na mlango uko wazi. Lakini ile huduma ya GA4 ni ya YouTube tu, video yako ya mp4 haiioni kabisa. Inabidi uandike skripti fupi, au umpe kijana anayejua JavaScript, haitamchukua nusu siku. Mwambie mambo matatu haya, maana ndipo wengi wanapojikwaa.

Kwanza, matukio ya video kwenye kivinjari hayapandi juu ya ukurasa kama kubofya kunavyopanda. Akiweka msikilizaji mmoja wa ukurasa mzima bila kumwelekeza asikilize wakati tukio linashuka, hatapata kitu na atadhani video ni mbovu.

Pili, kuna tukio linaitwa timeupdate linalolia kila muda unaposogea, na kivinjari kinaruhusiwa kulipiga kuanzia mara 4 hadi 66 kwa sekunde. Hata kwa hizo 4, video ya dakika 9 italia mara 2,160 kwa mtazamaji mmoja. Nimewahi kukuta tovuti inayotuma kila mlio kwenda Analytics, kwa bando la msomaji. Ahesabu kimyakimya ndani ya ukurasa, atume robo, nusu, robo tatu na mwisho.

Tatu, na hili ndilo ninalolipenda zaidi, kila video ya HTML inatunza orodha ya vipande vilivyochezwa kweli, jina lake ni played. Mtu akiruka kutoka dakika ya 1 hadi ya 8 na kumaliza, tukio la "imeisha" litatokea vilevile. Orodha ya played itakuambia ametazama dakika 2 tu. Ukitaka kujua nani ametazama, na si nani amefika mwisho, jumlisha vipande hivyo na utume jumla mtu anapoondoka.

Umwombe pia akurekodie watu wanaporudisha video nyuma, na sekunde wanayorudia. Nadhani hapo utapata habari kuliko zote. Fikiria anayetazama somo lako akiwa bandani, jogoo amembana kwapani, kichupa cha chanjo mkono wa pili. Hataki utangulizi wala shukrani za mwisho. Anataka kuona lile tone moja linavyodondoshwa jichoni, na jinsi unavyosubiri kuku apepese ndipo umwachie. Anaruka mpaka hapo, anatazama, anarudisha, anatazama tena, anafunga simu. Kwenye ripoti ya "waliomaliza" mtu huyu hayumo. Kwa vigezo vyangu huyo ndiye aliyefundishwa.

Kwa hiyo "kutazama" ni nini?

Muuza dawa amekuuliza wangapi wanafika mwisho kwa sababu ndilo swali linalomjia mtu yeyote. Usimpe namba kabla hujajua namba hiyo inasema nini.

Kuanza kucheza si kutazama. Niliitwa na taasisi moja, jina nitalihifadhi, iliyokuwa inatembea kifua mbele kwamba video ya ukurasa wao wa mbele inatazamwa na karibu kila mgeni. Video yenyewe ilikuwa inajicheza, bila sauti. Tangu toleo la 66 la Chrome, Aprili 2018, kivinjari hicho kinazuia video kujianzisha na sauti, lakini ikiwa bubu inaruhusiwa. Kwa hiyo ilikuwa inaanza yenyewe kwa kila aliyefungua, hata aliyekuja kutafuta nafasi za kazi. Tuliweka kipimo kimoja tu cha ziada, cha watu wanaowasha sauti. Kikao cha mwezi uliofuata hakikuwa na kelele nyingi.

Halafu tenganisha matukio na watu. Mtu mmoja akifungua ukurasa mara tatu na kubonyeza mara tatu, GA4 itaandika matukio matatu. Muuza dawa hauzi kwa matukio, anauza kwa watu, kwa hiyo kwenye ripoti soma safu ya watumiaji. Nayo isome kwa tahadhari, kwa maana mtu yuleyule kwenye simu na kwenye kompyuta ya kazini anaonekana wawili.

Na kila namba iwe na mama yake. "Watu 90 wamefika nusu" haina maana mpaka useme kati ya wangapi. Tuchukue mfano wa kubuni: 400 wamefungua ukurasa, 150 wamebonyeza, 90 wamefika nusu, 40 wamemaliza. Ukigawa 40 kwa 400 utakata tamaa. Ukigawa kwa 150 utaona zaidi ya robo ya walioanza wamemaliza somo la dakika 9 la kitaalamu, wakiwa kwenye bando. Tatizo hapo halimo ndani ya video. Limo kati ya 400 na 150, yaani kwenye picha ya juu, kichwa cha somo, au video iko chini mno mtu hajaifikia. Matukio ya YouTube yana kigezo kinaitwa visible kinachosema kama video ilikuwa inaonekana kwenye skrini tukio lilipotokea, na kwenye Tag Manager unaweza kuweka kichochezi kingine cha kuandika video inapoingia machoni pa mtu. Weka hicho. Utajua hao 250 waliiona wakaipita, au hawakuiona kabisa.

Zaidi ya hapo, jua kuna watu usiowaona hata ufanye nini. Wanaozuia matangazo kwenye vivinjari vyao mara nyingi wanaizuia na Analytics. Wanaotumia Opera Mini kwenye hali yake ya kubana data kupita kiasi, ukurasa unasagwa kwenye seva za Opera kabla haujafika kwenye simu, na skripti nyingi hazifanyi kazi inavyotakiwa. Wafugaji wanaobana bando ndio wasomaji wako, kwa hiyo namba zako ni sakafu, si dari.

SoundCloud, na wengineo

SoundCloud nao wanaongea dirishani. Unapakia skripti yao ya kichezeshi ndani ya Tag Manager, unasikiliza PLAY, PLAY_PROGRESS na FINISH, na PLAY_PROGRESS inakuja na namba kati ya 0 na 1 inayosema sauti imefika wapi. Kanuni ileile ya robo na nusu. Sauti lakini usiipime kwa macho ya video: mtu anawasha, anafunga skrini, anaendelea kulisha kuku.

Kwa video za TikTok au Instagram unazopachika siku mojamoja, usihangaike sana. Kuna ujanja mmoja wa kizamani: kidole kinapoingia kwenye aifremu, ukurasa wako unapoteza umakini wa kivinjari, na skripti inaweza kuuliza umakini umehamia wapi. Ukijibiwa "kwenye aifremu ile", umejua kuna mtu amegonga mlango wa mpangaji. Alichofanya ndani hujui. Kwenye simu hata hilo lina kigugumizi.

Kuhusu uzito wa ukurasa

Hukuniuliza hili, lakini nimeona somo moja la aina yako lenye video sita za YouTube mfululizo, na kila moja inavuta skripti zake kabla mtu hajabonyeza chochote. Dawa yake ni kuweka picha ya video tu, na kichezeshi chenyewe kije mtu anapoigusa. Ukifanya hivyo, mguso wa picha uandike kama tukio lako la kwanza. Kisha jaribu kama video_start bado inafuata, maana msikilizaji anaweza asiione video iliyozaliwa baada ya ukurasa kufunguka. Isipofuata, pakia skripti ya kichezeshi cha YouTube mapema kwenye ukurasa. Na linganisha namba hizo mbili: kwenye simu nyingine mtu analazimika kugusa mara mbili, picha kwanza kichezeshi baadaye, na utaona wangapi wanaishia kwenye mguso wa kwanza.

Sheria

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 1, 2023, na Kenya wana yao ya 2019. Waambie wasomaji kwenye ukurasa wa faragha kwamba unapima utazamaji na kwa nini. Kosa ninalolikuta zaidi ni dogo na la kizembe: kiungo cha somo kinachotumwa WhatsApp kikiwa na namba ya simu ya mwanafunzi ndani ya anwani. Anwani hiyo inaingia Analytics pamoja na kila tukio la video, na Google wenyewe wanakataza. Angalia viungo vyako.

Usidhani orodha ya alichotazama mtu ni jambo dogo. Mwaka 1987 gazeti la Washington City Paper lilichapisha orodha ya kanda za video alizokodi Jaji Robert Bork, aliyekuwa amependekezwa kuingia Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka uliofuata Bunge lao likapitisha sheria ya kuwazuia wenye maduka ya kanda kutoa orodha za walichokodi wateja wao. Kanda zimekufa, sheria ipo, na miaka hii inatumiwa mahakamani dhidi ya tovuti zilizoweka pikseli ya Facebook, yaani msimbo wa kufuatilia wageni, kwenye kurasa za video. Muuza dawa akikuomba uweke pikseli yake kwenye somo, muulize kwanza anaitakia nini.

Kwa sasa usimjibu chochote. Rekebisha, acha data ikusanyike wiki nne, kisha mwandikie hivi, ukijaza namba zako:

"Somo la chanjo ya mdondo, siku 28. Watu ___ walifungua ukurasa, ___ walianza video, ___ walitazama nusu au zaidi, ___ walifika mwisho. Sehemu inayorudiwa zaidi ni ya kudondosha chanjo, kati ya dakika ___ na ___. Wanaotumia vivinjari vinavyozuia vipimo hawamo kwenye hesabu hii. Tangazo napendekeza likae chini ya video, si mwisho wake."